Falsafa na mahusiano ya kimataifa chuoni: maswali ambayo watoto wa Mtwara na Lindi wananiuliza kila matokeo yakitoka

Mwezi wa saba matokeo ya fomu sikisi yakishatoka tu simu yangu haina amani, mara mtoto wa shangazi yuko Masasi, mara binti wa jirani pale Shangani, mara mtu simjui kabisa kapewa namba na mtu ambaye pia simjui, na wote wanaanza na shikamoo kaka kisha wanauliza yale yale. Nimechoka kurekodi voisi za dakika nane nane kwaiyo nimeyaweka hapa. Mimi nilisoma falsafa nikachukua na kozi za mahusiano ya kimataifa kadri chuo kilivyoniruhusu, nikamaliza, nikarudi Mtwara. Si profesa.

Shikamoo kaka. Falsafa ni nini hasa, ni dini au ni kuongea ongea tu?

Marahaba. Kuongea kupo, tena kwingi, ila si ongea ongea ya kijiweni ambayo mwenye sauti ndo mshindi. Mwalimu anakuja na hoja moja ya mtu, mnaifungua kama fundi anavyofungua injini ya bodaboda, hiki kimeshika nini, ukikitoa inawaka au haiwaki. Vipande vikubwa ni mantiki, maadili, metafizikia (yani kuuliza kilichopo ni nini hasa), falsafa ya siasa, na kile cha kuuliza tunajuaje tunachosema tunakijua.

Alafu kuna falsafa ya Kiafrika ambayo mimi ndo iliniamsha. Kuna padri wa Rwanda, Alexis Kagame, alichukua ngeli za Kinyarwanda akasema angalieni, kila kilichopo kinaingia kwenye makundi manne, muntu, kintu, hantu, kuntu, yani mtu, kitu, mahali pamoja na wakati, na namna. Mtoto wa Newala anayeongea Kimakonde nyumbani akifika hapo anacheka peke yake maana vitu vya namna hiyo anavitamka tangu ananyonya. Ila swali linalofuata ndo lenye kazi: sarufi ya lugha inaweza kweli kukuambia dunia ikoje? Paulin Hountondji wa Benin alikataa katakata, yeye anasema falsafa ni ya mtu anayejenga hoja yake na kukubali kubishiwa, huwezi kulivisha kabila zima falsafa moja kama sare ya harusi. Na Mkenya Odera Oruka akapita njia yake, akaenda vijijini kuwahoji wazee, akawatenganisha wanaorudia tu walichoachiwa na wahenga na wale wanaoweza kusema hapa wahenga walikosea na sababu ni hii. Kijijini kwetu nawajua wazee wawili wa aina ya pili. Wa aina ya kwanza siwezi kuwahesabu.

Na mahusiano ya kimataifa?

Nchi na nchi, na vyombo vilivyo juu yao au katikati yao, yani nani anapigana na nani, nani anauziana na nani, sheria gani inawabana na kwa nini wengine haiwabani. Kama somo la chuo ni jipya, idara ya kwanza ilianza 1919 pale Aberystwyth, Wales, watu wametoka kuuana vita ya kwanza wanajiuliza imekuwaje. Mtu wa kusini hahitaji kuelezwa sana. Korosho yako inapangiwa bei na India na Vietnam, gesi ya Mnazi Bay ina mikataba ndani yake, ng'ambo ya Ruvuma kukiwaka moto Cabo Delgado, Msumbiji, huku wanapita wakimbizi na askari. Msimu wa 2018 wanunuzi walipoleta bei ndogo mpaka serikali ikaleta jeshi kubeba korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, lile lilikuwa lekcha nzima ya uchumi wa kimataifa imepaki mlangoni kwenu, sema hakuna aliyeandika notsi.

Sasa hivi vitu viwili vinakutana wapi? Mimi naona kimoja cha mawinguni kingine cha ubalozini.

Hili ndo swali lenyewe, nitachukua nafasi.

Anza na Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yanaingia, tunayatoa, hadi hapo hamna ubishi, mkataba wa Umoja wa Mataifa ibara ya 51 unakuruhusu kujilinda. Lakini hatukuishia mpakani, tulienda mpaka Kampala, ikaanguka Aprili 1979, na kwenye mkutano wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, Monrovia mwaka huo huo Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walilalamika waziwazi kwamba Tanzania imevunja kanuni ya kutoingilia mambo ya nchi nyingine. Darasa la mahusiano ya kimataifa litakuuliza nani alisema nini, alikuwa na maslahi gani, sheria inasemaje. Vizuri. Falsafa inakukaba shingo, inasema sawa nimekusikia, sasa we unasemaje, ilikuwa haki au haikuwa, na kama ilikuwa haki kwa Kampala je jirani mwingine akija kwetu na sababu hiyo hiyo utasema nini? Hapo ukijibu "kwa sababu sisi ni sisi" unarudishiwa karatasi.

Nyingine ni Biafra. Mwaka 1964 Cairo viongozi wa Afrika walikubaliana mipaka ya mkoloni ibaki kama ilivyo na Mwalimu alikuwa mstari wa mbele kulitetea hilo, alafu Aprili 1968 Tanzania hiyo hiyo inaitambua Biafra iliyojitoa Nigeria. Alijigeuka? Hoja yake ilikuwa serikali ikishindwa kuwalinda watu wake au ikawa ndo inayowatisha, huwezi kuwalazimisha wabaki ndani. Unaweza kuikataa lakini ni hoja, ina miguu. Mtu aliyesoma digrii ya Edinburgh, akamaliza 1952, na falsafa ya maadili ikiwa mojawapo ya masomo yake, unaona ilipomkolea.

Ila ninayoipenda mimi ni ya mjusi wetu wa Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima kile cha Lindi, zaidi ya tani 200, ikabebwa vichwani na mabegani mwendo wa siku nne mpaka bandari ya Lindi, na waliobeba ni watu waliotoka kupigwa vita ya Maji Maji na njaa yake. Leo yuko Berlin kwenye jumba la makumbusho, amesimamishwa, urefu kwenda juu kama mita 13, watu wanalipa kiingilio. Semina yetu ilikaa wiki mbili hapo. Mmoja anasema arudishwe, ni mali yetu. Mwingine anauliza yetu sisi kina nani, Tanzania haikuwepo 1909, na mjusi mwenyewe kafa miaka milioni 150 iliyopita hakuwa na pasipoti. Dada mmoja wa Nachingwea akasema waliobeba walilipwa kibarua, mwingine akamuuliza unaweza kuita kibarua kazi ya mtu ambaye shamba lake lilichomwa na anayemlipa? Alafu likaja la hatari zaidi: akirudi anakaa wapi, Dar es Salaam au Lindi? Maana kama hoja ni "mali irudi kwa wenyewe" basi wana Lindi nao wana swali kwa Dar, na hoja hiyo hiyo ikivuka kwenye gesi mnajua wenyewe vurugu za Mtwara za 2013. Mwalimu akafunga semina kabla hatujafika huko.

Sasa unaona. Ukisoma mahusiano ya kimataifa peke yake unaweza kuwa mtu wa kuhesabu nguvu za wakubwa tu, Marekani kafanya hivi China kafanya vile, kama mchambuzi wa mpira. Ukisoma falsafa peke yake unaweza kulia haki haki bila kujua meli inatoka bandari gani. Mimi ndo maana nawaambia msichukue falsafa kama kachumbari pembeni ya sahani.

Kuna chuo Tanzania kinatoa zote mbili kwenye digrii moja?

Nje wanayo, St Andrews kule Scotland kwa mfano unaweza kusoma digrii moja yenye majina yote mawili. Hapa kwetu kawaida unachagua programu moja, nyingine unaichukua kupitia kozi za hiari. Mlimani, yani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna digrii ya falsafa na maadili na pia idara ya sayansi ya siasa ambako kozi za mahusiano ya kimataifa zinapatikana. UDOM, chuo kikuu cha Dodoma, wana digrii ya mahusiano ya kimataifa. Na Kurasini kuna chuo cha diplomasia, saivi kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, kilianzishwa 1978 na Tanzania na Msumbiji kwa pamoja, hilo watu wa huku wengi hawalijui na ni la kwetu kabisa. Pale Mtwara mjini Stella Maris wapo ila wengi wanaenda kwa ualimu.

Ushauri wangu: programu iwe ile ambayo ungeisoma hata kama nyingine ingefutwa. Alafu siku ya kwanza ya usajili, sio wiki ya tatu, nenda ukaone ratiba za idara zote mbili maana zinagongana hatari, mimi mwaka wa pili kozi ya vita na maadili iligongana na ya sheria za kimataifa, Jumanne saa nne, nikawa nahudhuria moja naomba madesa ya nyingine. Digrii ya miaka mitatu haipungui krediti 360 na krediti moja inahesabiwa kama saa 10 za kazi, kwaiyo usijaze kozi za hiari kama mtu aliyealikwa pilau.

Nimepata D mbili na S, naingia?

Kanuni ya jumla ni pointi 4 kutoka masomo mawili, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. D mbili zinafika. Ila kila programu inataja masomo yake inayoyakubali, fungua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka wako, wa mwaka wa kaka yako haukuhusu.

Mi ni HGL (historia, jiografia na Kiingereza), sipendi hesabu, nimesikia mantiki ni hesabu tupu.

Kuna alama alama, kuna mishale, kuna majedwali ya kweli na uongo. Hesabu yenyewe hamna. Lakini usiidharau, mimi semista ya kwanza nilipata sapu, yani kurudia mtihani, kwenye mantiki wakati nilikuwa najiona bingwa wa midahalo mkoa mzima. Swali lililoniua nalikumbuka umbo lake mpaka leo, nikilivalisha nguo za huku lilikuwa hivi: Korosho ikilowa, bei inashuka. Bei imeshuka. Kwa hiyo korosho ililowa. Hoja ni sahihi au si sahihi? Nikaweka sahihi, kwa raha zangu. Sasa bei si inaweza kushuka kwa mambo mia? Vietnam wamejaza maghala, wanunuzi wamesusa mnada, dola imecheza, korosho yenyewe ni kavu inalia kama kokoto. Kulowa kunashusha bei, sawa, lakini bei kushuka hakuthibitishi kulowa. Ukishaliona hili huwezi kuacha kuliona, kila hotuba utakayosikiliza limo, kila ugomvi wa ndoa limo.

Sapu nilifanya septemba nikiwa peke yangu bweni zima, nikapita na C.

Nyumbani wanasema falsafa itanipoteza imani.

Nimeulizwa na Waislamu wa Mikindani na nimeulizwa na Wakatoliki wa Ndanda, wasiwasi ule ule. Kwa Wakatoliki jibu ni fupi, padri wako kabla hajagusa teolojia alisoma falsafa seminarini miaka kadhaa, kamuulize. Kwa Waislamu, ugomvi huu una umri: Al-Ghazali aliyefariki 1111 aliwashambulia wanafalsafa kwa hoja nzito kwelikweli, na Ibn Rushd karne hiyo hiyo akamjibu hoja kwa hoja. Wote wawili ni wa kwetu, wote walisoma falsafa, hata huyo aliyeishambulia, tena aliisoma kwanza ndo akaishambulia. Sikuahidi kwamba utatoka na majibu yale yale uliyoingia nayo. Mimi mwaka wa pili nilikuwa na miezi migumu, naswali huku kichwa kinabishana. Ikapita, sikuacha kuswali. Rafiki yangu wa chumba kimoja aliacha kwenda kanisani na hakuwa anasoma falsafa, alikuwa anasoma uhasibu.

Ajira je? Sema ukweli.

Ukweli: tangazo la kazi linaloandika "anatakiwa mhitimu wa falsafa" utalisubiri sana, nje ya kufundisha vyuoni. La mahusiano ya kimataifa lipo, Afisa Mambo ya Nje, linatoka kupitia Sekretarieti ya Ajira, nafasi chache na waombaji ni uwanja wa Nangwanda umejaa. Pia kuna Arusha na taasisi zake, Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kuna SADC Gaborone, kuna AU Addis Ababa, na kuna mashirika yanayohudumia watu kule mpakani. Wengi niliomaliza nao wako kwenye vitu visivyo na jina la digrii yao, benki, halmashauri, redio, wawili wana maduka.

Watu wa huku wanapenda kutaja Mkapa na Membe, na si vibaya. Mtu wa Lupaso, Masasi, alisoma Kiingereza Makerere kisha masuala ya kimataifa Columbia, akawa Waziri wa Mambo ya Nje vipindi viwili kabla ya urais. Mtu wa Rondo, Lindi, akashika wizara hiyo hiyo 2007 mpaka 2015. Inatia moyo, lakini mawaziri wawili kwa miaka hamsini si soko la ajira mdogo wangu.

Kinachokubeba kwenye usaili wa kuandika ni uwezo wa kuandika kurasa mbili ambazo hazipwayi. Huo falsafa inakupa, kwa mateso.

Mjomba hataki. Anasema bora ualimu au nesi.

Huku kwetu mjomba akikataa ni kama chuo chenyewe kimekataa, anayejua anajua. Usiende na maneno ya kuitetea falsafa kwa jumla, utashindwa. Mimi nilisubiri msimu, mnada wa pili umeshalipa, nikamkuta barazani anamenya ming'oko, nikamuuliza mjomba hivi mpaka wa Ruvuma nani aliuweka? Akasema Mungu, si mto huo. Nikamwambia Wajerumani na Wareno waliandikiana 1886 kwamba mto ndo mpaka, alafu 1894 Wajerumani wakavuka wakachukua na kipande cha Kionga upande wa kusini, Wareno wakakirudisha 1916, na 1919 kule Versailles wakaandikiwa rasmi kuwa ni chao. Mama yake mjomba alizaliwa ng'ambo. Akaacha kumenya. Akauliza, sasa hao walioandikiana, walimuuliza nani? Nikamwambia hilo swali lako ndo ninaenda kulisomea. Hakusema ndio. Wiki iliyofuata alimtuma mtoto aje kuchukua barua ya chuo aone ada.

Kama mjomba wako ana hoja kwamba familia inahitaji mshahara ndani ya miaka mitatu, msikilize, hiyo nayo ni hoja na inaweza kuwa nzito kuliko yako.

Mkopo wanatoa kwa kozi hizi?

Unaomba kama wengine, ila usitegemee kozi za sanaa zipewe kipaumbele mbele ya udaktari na sayansi. Vyeti vya kuzaliwa, na vya vifo kama mzazi hayupo, vihakikiwe RITA, wale wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, sio siku mbili kabla dirisha halijafungwa ambapo mtandao wa stationari nzima umekufa. Na ni deni, ukipata kazi wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Bumu, yani hela ya kujikimu, likiingia usinunue simu.

Nisome na lugha gani?

Kireno. Kila mtu atakuambia Kifaransa na Kichina na hawakosei, lakini wewe uko saa chache kutoka Kilambo mpakani na Msumbiji, kuna Daraja la Umoja pale Mtambaswala tangu 2010, ndugu zako nusu wanakiongea, na darasani Dar utakuta wanaokijua ni wa kuhesabu. Kiswahili chako pia kinyooshe, SADC wamekifanya lugha rasmi 2019, wanahitajika wakalimani wanaojua maneno ya mikataba na sio salamu tu.

Akili mnemba si itaniandikia asaimenti?

Itakuandikia. Alafu kwenye semina mwalimu atakuuliza aya ya tatu ulimaanisha nini.

We mwenyewe unafanya nini saivi?

Nilijua mtauliza. Nipo na kampuni ya kusafirisha korosho hapa mjini, naandaa makaratasi ya mzigo, nabishana na wanunuzi kwa barua pepe. Najua wengine mnaona digrii imeenda na maji. Mwaka jana mnunuzi mmoja wa nje akaleta madai, anataka arudishiwe hela, barua ndefu ya kisheria, picha kumi na mbili za korosho zimeota ukungu. Bosi akaanza kutafuta mwanasheria. Nikaisoma mara tatu, nikaanza kucheka, jamaa wa dawati la pili akadhani nimechanganyikiwa. Ukiondoa maneno ya mapambo barua ilisema hivi: korosho ikipakiwa na unyevu, inaota ukungu, hii imeota ukungu, kwa hiyo mlipakia na unyevu. Swali langu la sapu limenifuata mpaka bandarini. Nikajibu kurasa mbili, nikaambatisha cheti cha vipimo vya siku ya kupakia, nikauliza kontena lilikaa siku ngapi bandari ya katikati na nani aliikagua milango yake liliposhushwa. Walikaa kimya siku tisa. Alafu wakaandika kwamba wanapunguza madai yao nusu na wanaomba tuzungumze, hapo sasa ndo yakaanza mahusiano ya kimataifa.